Gari la Mkono wa Pili: kutoka Volvo ya Joginder hadi Vitz ya Umoja

Gari lililoshinda Safari Rally ya mwaka 1965 lilikuwa mtumba. Sichokozi mtu. Volvo PV544 ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliendesha Pasaka ile ilikuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia. Volvo wakakunja mkeka wakaenda zao, na Joginder akachukua gari lao kuukuu. Lilikuwa limeshakula maili zaidi ya elfu arobaini, na umbo lake lilikuwa la kizamani hata kwa siku zile: mgongo wa kobe, mchoro wa miaka ya 1940. Joginder mwenyewe alikuwa mtoto wa Kericho aliyekulia kwenye gereji, mikono na grisi. Alijua gari lile lilikuwa limechoka wapi na lilikuwa bado zima wapi. Akalipeleka, akashinda, na jina la Flying Sikh likaanza kusikika hadi kwa watu ambao hawakuwahi kugusa usukani.

Nalianzia huko kwa sababu kuna swali moja ambalo halikosi kwenye base yoyote ya Eastlands, kuanzia Jericho hadi Kayole. Kijana amepata kazi, amejiunga na sacco, ana kama nusu milioni au anakaribia kufika, na anataka ndai. Hataki tu ndai ya kumtoa kejani hadi job. Anataka moja itakayomfanya aamke Jumapili saa kumi na mbili asubuhi aende Magadi bila sababu yoyote. Basi anauliza: nichukue gani? Majibu yanakuja haraka kama bei za Gikomba: Demio, Vitz, Swift, Fit, Subaru, Golf. Hakuna anayeuliza kwa nini orodha ni hiyo. Kwa nini barobaro wa Umoja mwaka huu anachagua kati ya magari madogo matano ya Kijapani na moja la Kijerumani, wakati mwenzake wa Johannesburg au Casablanca ana orodha nyingine kabisa? Orodha hiyo ilitengenezwa na watu wengi, wengine wakiwa ofisini Treasury, wengine wakiwa kwenye vumbi la Taita.

Tuanze na mahali penyewe. Mitaa mikongwe ya Eastlands haikujengwa kwa mtu mwenye gari. Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati: hizi zilikuwa nyumba za wafanyakazi Waafrika, wa reli, wa manispaa, wa viwandani. Serikali ya mkoloni iliwahesabu kwa vitanda, haikuwaza kuwa siku moja mmoja wao atataka mahali pa kuegesha. Mtu alikwenda kazini kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa basi la Kenya Bus, kampuni iliyopewa kibali cha jiji mwaka 1934. Ukitembea Kaloleni leo utaona matokeo yake. Magari yamebanwa kwenye nyasi, mengine yamelala nusu juu ya mtaro, na kila jioni kuna mazungumzo marefu ya nani amemzibia nani. Ni Buruburu, iliyojengwa awamu kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, iliyokuja na korti zenye nafasi ya gari. Buruburu ilikuwa ya karani wa benki, mwalimu, afisa wa serikali, mtu ambaye mwajiri angemkopesha. Hapo ndipo mtoto wa Eastlands alipoanza kuona gari likiwa la baba ya jirani, limeegeshwa, linaoshwa Jumamosi.

Lilikuwa gari gani? Mara nyingi Peugeot, Datsun au Volkswagen. Na hapa rally inaingia.

Leo ni vigumu kueleza uzito wa Safari kwa mtu aliyezaliwa baada ya 2002. Mashindano yalianza 1953 kama sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, lakini baada ya uhuru yalibaki na kuwa ya wananchi kuliko sikukuu nyingi za serikali. Yalikuwa ya Pasaka. Yalipita kwenye barabara za umma, zilezile za matatu na ng'ombe, maelfu ya kilomita. Ukiwa na redio ulikuwa umefika. Watoto walikunja waya, wakakata magurudumu kwenye ndala kuukuu, wakaandika namba mlangoni, wakakimbiza rally yao uwanjani. Na watu wazima walikuwa na hesabu yao: gari linaloshinda Safari ndilo gari la kununua. Tangazo gani la gazeti lingeweza kushindana na ushahidi huo? Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na kwa miaka mingi baadaye 404 ya pikapu ilikuwa ndiyo matatu. Mrithi wake, 504, ilishinda 1975 na tena 1978, na ikawa teksi ya safari ndefu, watu saba au tisa kutegemea haraka ya dereva. Joginder alirudi 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer, akawa wa kwanza kushinda mara tatu. Kisha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akazivunja hesabu zote: 1973, halafu minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, mara tano kwa jumla, zote kwa magari ya Datsun na Nissan.

Angalia kilichotokea hapo bila mtu kutangaza. Mwaka 1965 mshindi ni gari la Uswidi, kisha Ufaransa inatawala, na kufikia 1982 Mkenya wa kawaida ameshaamini kuwa Mjapani hachoki. Imani hiyo iliingia mtaani miaka kumi kabla ya magari yenyewe kuja kwa wingi.

Kwa sababu hayakuja kwa wingi, bado. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilikuwa imeamua Kenya iunganishe magari yake hapa: Leyland pale Thika, General Motors hapa Nairobi, Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa. Kuagiza gari kutoka nje kulihitaji leseni, na fedha za kigeni ziligawiwa na Benki Kuu kama dawa hospitalini. Matokeo yake gari jipya lilikuwa ghali, na gari kuukuu halikushuka bei kwa sababu hakukuwa na lingine la kuchukua nafasi yake. Datsun 120Y ya miaka kumi na miwili ilirithiwa kama shamba. Ndiyo maana kizazi kile cha mafundi kilikuwa hatari kwa ustadi, kwa kuwa gari halikuruhusiwa kufa. Kilichovunjika kilichongwa upya, Kariobangi, Shauri Moyo au Grogan.

Katikati ya kipindi hicho kuna kisa ambacho bado kinachekesha na kuuma kwa pamoja. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata kama litakuwa baya wa sura na la polepole. Nyayo Pioneer zikaonyeshwa hadharani Kasarani mwaka 1990. Zilikuwa za mfano tu, na hazikufika kiwandani kwa sababu pesa hazikupatikana. Napenda kufikiria ulimwengu ambamo kijana wa Donholm anauza Nyayo ya babake ili anunue Nyayo yenye turbo. Haikuwa hivyo.

Badala yake mlango ukafunguliwa. Kati ya 1993 na 1994, chini ya shinikizo la Benki ya Dunia na IMF, Kenya ilifuta leseni za kuagiza bidhaa na kuachia fedha za kigeni zitafutwe sokoni. Tunazoea kusimulia miaka ile kwa huzuni, na kuna sababu: viwanda vya nguo vilifungwa, watu wakaachishwa kazi, mitumba ya mashati ikaua cherehani. Magari yalifuata njia ileile. Waliokuwa wakiunganisha magari Thika na Mombasa waliona wateja wao wakielekea bandarini. Lakini kwa mtu wa Buruburu mwenye mshahara wa kawaida, ilikuwa mara ya kwanza gari zima, lenye redio inayolia na viti visivyochanika, kufika kwenye mkono wake. Yote mawili ni kweli, na sioni haja ya kuyalazimisha yapatane.

Kwa nini Japani? Rally ilishatuandaa, lakini kulikuwa na sababu mbili za kawaida zaidi. Kwanza Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hivyo usukani uko mahali pake. Pili, wana ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na gharama yake humfanya Mjapani aone ni heri anunue lingine. Gari lililo zima kabisa linakuwa mzigo kwa mwenyewe. Linapelekwa mnadani, linapewa gredi, linapanda meli, na wiki chache baadaye liko Kilindini likisubiri karatasi. Toyota Starlet, Corolla 100, Corolla 110, Nissan Sunny B12 na B13: hizo ndizo zilizojaza mitaa. Starlet hasa ilikuwa mwalimu wa kizazi kizima. Ndogo, nyepesi, gia za mkono, injini ya 1,300 ambayo fundi yeyote angeifungua akiwa anakula mahindi.

Na sasa tumefika kwa Patrick Njiru. Mwaka 1993 Subaru walileta Safari kigari kinachoitwa Vivio, injini ya sisi 660, kile ambacho Wajapani hutumia kwenda kununua mboga. Mskochi kijana aliyeitwa Colin McRae alikuwa kwenye kimoja na alikimbia nacho kama kichaa hadi kikakataa. Njiru alikuwa kwenye kingine, akakitunza, akamaliza rally na kushinda daraja lake. Kwa watu wa mtaani hilo lilikuwa na maana mbili. Mweusi mwenzetu alikuwa kwenye timu ya kiwanda. Na gari lake lilikuwa dogo kuliko la mwalimu mkuu. McRae alirudi 1997 na Impreza, akashinda, na Richard Burns akashinda kwa Subaru mwaka 2000. Kuna dereva wa rally wa Kenya leo anayeitwa McRae Kimathi. Jina hilo halikutoka Biblia.

Magari ya buluu ya Subaru yalipokuwa yakipepea kwenye televisheni, ndugu zao wa kawaida, zisizo na turbo, walikuwa wakishuka melini Mombasa kwa bei ya mshahara wa miaka miwili. Ndoa hiyo ya Nairobi na Subaru haijavunjika. Ukikaa kwenye ghorofa Tassia usiku wa Ijumaa utaisikia ikipita, ule mngurumo wa kukohoa, na alarm za magari mengine zikiitikia. Lakini jina lilelile limepata maana nyingine mtaani. Kwa miaka mingi, na zaidi tangu maandamano ya Juni 2024, Subaru isiyo na alama ikisimama nje ya geti ya ploti, watu hawafikirii McRae. Wanahesabu vijana wao. Sijui kama kuna jiji lingine ambalo gari moja limependwa na kuogopwa hivyo na watu walewale.

Turudi kwa mwenye nusu milioni.

Kinachombana zaidi kuliko bei ni sheria ya miaka minane. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, kinachosimamiwa na KEBS, hakiruhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza kuingia nchini. Kila Januari mstari unasogea: tangu mwanzo wa 2026 ni magari ya 2019 kuja juu. Nia yake ilikuwa nzuri, tusigeuzwe jaa la mabovu. Lakini kwa mpenda magari sheria hii hufanya kazi kama mlango wa basi la kwenda juu tu: kila mwaka kuna gari linaloshuka na halirudi. Starlet ilikoma kutengenezwa 1999, kwa hiyo kufikia 2007 hakuna Starlet mpya iliyoweza kuingia. Swift Sport ile ya kwanza tunayoipenda, ya 2005 hadi 2010, mlango wake ulifungwa 2018. Zilizopo Kenya ndizo zilizopo. Kila moja inayogonga ukuta Outer Ring usiku imepunguza hesabu, na bei ya zilizobaki inapanda.

Halafu kodi. Desemba 2015 serikali ilibadilisha ushuru wa bidhaa kwa magari ukawa kiasi kimoja: shilingi 200,000 kwa gari lililozidi miaka mitatu, 150,000 kwa jipya zaidi. Fikiria hiyo. Mwenye Vitz na mwenye Land Cruiser V8 walilipa sawa. Waagizaji wa magari madogo walilia, na mwaka 2016 ikarudi kwenye asilimia. Ulikuwa mwaka mmoja tu wa kiajabu, lakini ulionyesha jinsi ndoto ya kijana wa Eastlands inavyoweza kufutwa na mstari mmoja wa sheria ambao hakuna aliyeuandika akimfikiria.

Kwa viwango vya 2025, ukitaka kuagiza mwenyewe, hesabu iko hivi. Chukua gari ambalo KRA wanalithamini shilingi 500,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 175,000. Ikiwa injini haizidi sisi 1,500, ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 ya jumla ya hizo mbili: 135,000. VAT ya asilimia 16 juu ya yote hayo ni 129,600. Weka ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2, jumla 22,500. Umelipa 462,100 kwa gari la nusu milioni, na bado hujalipa meli wala clearing agent. Injini ikizidi 1,500 kidogo tu, ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 25 na jumla inafika 501,250. Hiyo tofauti ya karibu elfu arobaini ndiyo sababu Nairobi imejaa injini za sisi 1,496 na 1,498.

Kwa hiyo kijana mwenye nusu milioni haagizi. Ananunua ya hapa, gari ambalo Mkenya mwingine, au wawili, au watano, wameshaliishi. Na hapo anapaswa kufikiri kama Joginder: si gari gani ni kali zaidi, ila ni gari gani kuukuu ninaweza kujua limechoka wapi.

Mimi ningeanza na Demio ya mwili wa DE, ya 2007 hadi 2014. Watu wanaicheka kwa sababu ni gari la mama mdogo kwenda chama, lakini Mazda walipoitengeneza walifanya jambo ambalo karibu hakuna mwingine alikuwa akifanya: waliipunguza uzito kilo mia hivi kuliko ile iliyotangulia, ikashuka chini ya tani moja, na mwaka 2008 ikachaguliwa gari la mwaka duniani. Uzito ndio furaha ya bei nafuu. Gari jepesi hugeuka haraka, husimama haraka, hula mafuta kidogo, tairi zake ni bei ya chini, na ukiwa na gia za mkono unaweza kuliendesha kwa nguvu zake zote bila kuzidi mwendo wa kukamatwa. Ikipatikana ya Sport yenye injini ya 1,500 na gia tano za mkono, usiongee sana, lipa.

Vitz RS ni jibu la mtu mwoga kidogo, na sisemi hivyo kwa dharau. Injini yake ni ya familia moja na ya Probox, na ukishasema Probox umesema kila kitu: spea zake utazipata hata kwa mama mboga. Nguvu za farasi 110 hivi, gia tano, shoki ngumu kidogo. Haina mapenzi mengi kwenye usukani kama Demio, lakini haitakulaza Machakos Junction. Fit RS ya 2007 hadi 2013 iko katikati, ina injini tamu inayopenda kuzungushwa hadi juu, ila wengi waliziagiza otomatiki, kwa hiyo ya mkono utaitafuta kama sindano kwenye mchanga.

Swift Sport ndiyo bora kati ya zote. Nguvu 125, usukani unaosema ukweli. Tatizo si gari, ni waliolimiliki. Ni vigumu sana kuipata ambayo haijapunguzwa springi, haijakatwa eksosi, haijapelekwa TT Jumapili na kurudishwa ofisini Jumatatu. Springi zilizokatwa na matuta ya Kayole Spine Road haviwezi kukaa nyumba moja. Ukiipata ikiwa nzima, kama ilivyotoka kiwandani hata na kofia zake za magurudumu, mwenye gari huyo ni mtu wa heshima na unaweza kumwamini kwa mengine pia.

Sasa zile mbili ambazo vijana wengi wanazitaka kweli. Golf GTI ya Mk5 na Impreza yenye turbo. Bei zake zimeshuka hadi kufikika, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu iliyoshuka ni bei ya gari, bei ya spea iko palepale. Giaboksi ya DSG ya Golf, ikianza kuruka gia kwenye foleni ya Jogoo Road, inaweza kuomba pesa zinazokaribia robo ya bei uliyolipa. Subaru ya turbo hunywa petroli na oili pia, na dereva wa kwanza asiyejua kuangalia dipstiki hugundua hivyo akiwa amechelewa. Petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita Oktoba 2023. Ilishuka baadaye, lakini aliyekuwa na turbo mwaka ule anakumbuka alivyoiegesha akarudi kwa mat. Na kuna jambo ambalo mabroka hawasemi: kampuni nyingi za bima husita kumpa gari la miaka kumi na mitano bima kamili, kwa hivyo ukiligonga, ni lako na Mungu wako.

Namba za gari ni kitabu kidogo cha historia, na inafaa kujua kukisoma. KAA ilianza 1989. Ilichukua hadi 2007 kufika KBA, miaka kumi na minane. Kutoka KBA hadi KCA ilichukua miaka saba hivi, pikipiki zikichangia mwanzoni, na KDA ikatoka 2020. Kwa hiyo gari la KBQ lilisajiliwa Kenya zaidi ya miaka kumi iliyopita, lakini lilitengenezwa kabla ya hapo, pengine miaka saba kabla, kwa sababu ya ile sheria. Broka atakwambia "ni KCB hii, ni mpya." Mwambie akuonyeshe logibuku, soma mwaka wa kutengenezwa, na ufanye search kwenye eCitizen uone kama jina ni la anayekuuzia na kama kuna benki inayolidai. Kilomita kwenye dashibodi zichukue kama ushauri tu. Angalia pedali ya klachi na kiti cha dereva, hivyo havijui kudanganya. Kama ni gari lililoingia juzi, omba karatasi ya mnada ya Japani. Ukiona gredi ya R, liligongwa na kutengenezwa, na muuzaji analijua hilo hata akikuapia kwa mamake.

Usiende na fundi wa muuzaji. Nenda na wako, mlipe siku yake, na umpeleke asubuhi kabla injini haijawashwa, kwa sababu injini baridi ndiyo inayosema. Wale wazee wa Kirinyaga Road, ambayo kila mtu bado anaiita Grogan, ndio wajukuu wa ile enzi ambayo gari halikuruhusiwa kufa. Mmoja akiweka sikio kwenye boneti na kunyamaza, nyamaza pia.

Mwaka 2021 Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia, sasa kule Naivasha, baada ya miaka kumi na tisa. Toyota ilishinda mwaka huo na kila mwaka hadi 2025, na gari lao lilikuwa Yaris. Vitz, yaani. Jina la Vitz lilifutwa Japani 2020 na Yaris ikabaki. Zile za mashindano zina uhusiano na ya kwako kama simba alivyo na paka, lakini jina ni la ukoo.

Na kuna moja ya kusubiri. Swift Sport mpya, iliyotoka 2017, ina injini ya sisi 1,371 yenye turbo, nguvu 140, gia sita za mkono na uzito wa kilo 970. Kwa hesabu ya KRA iko kwenye ushuru wa chini, wakati ile ya zamani isiyo na turbo ilikuwa kwenye wa juu. Za 2019 bado zinaruhusiwa kuingia mwaka huu, na anayeziagiza sasa si kijana wa Umoja, ni daktari wa Kilimani au mtu wa kompyuta aliyelipwa kwa dola. Atachoka nayo akipata mtoto wa pili. Ataiweka sokoni ikiwa na namba ya KD-fulani, breki nusu, tairi za mwisho, na chumvi ya Magadi kwenye kapeti.